Nywele za Bibi Harusi wa Pegu

Wigi lilikuwa limelowa.

Keziah Tuffnell alilishika asubuhi ile ya Alhamisi akaondoa mkono upesi, kama mtu aliyegusa chura gizani. Jana yake, baada ya onyesho, yeye mwenyewe alilichana, akalivika kichwa cha mbao juu ya rafu, akafunga chumba na kuondoka na ufunguo mfukoni. Dari halikuvuja. Bomba la maji lilikuwa upande wa pili wa jengo. Hata hivyo zile nywele nyeusi, ndefu kuliko mkono wa mtu mzima, zilidondosha maji tone moja moja juu ya meza ya vipodozi, na maji hayo yalinuka moshi. Haukuwa moshi wa makaa, ambao kila pua ya London imeuzoea hata haiusikii tena. Ulikuwa moshi wa nyasi kavu, wa nyumba iliyoungua ikazimwa na mvua.

Keziah alikuwa mvishaji katika ukumbi wa Palladora. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefunga vifungo vya migongo ya waigizaji, akawapaka rangi, akawashikia beseni walipotapika kwa hofu kabla ya pazia kufunguliwa. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Lavinia, binti wa miaka ishirini aliyeimba kiitikio katika ukumbi uleule. Kila kitu alichokuwa nacho Keziah duniani kilikuwa ndani ya koo la mtoto yule.

Vuli ile ya mwaka 1906 Palladora ilikuwa ikionyesha *Bibi Harusi wa Pegu*, mchezo wa nyimbo na vichekesho. Pegu ni mji wa Burma, na hii ilikuwa Burma ya mbao na karatasi: hekalu lililotikisika mtu akipiga chafya, wasichana kumi na sita wa Kiingereza waliopakwa rangi ya kahawia hadi viwikoni, mfalme mmoja mnene aliyeanguka kila baada ya dakika kumi, na binti yake aliyempenda ofisa wa manowari ya Kiingereza. Kila mtu mjini aliupenda. Wauza samaki waliimba nyimbo zake.

Binti mfalme aliigizwa na Ottilie Vane, na wigi lilikuwa lake. Lilitoka kwa Kanali Stroud, mzee mwenye sharubu nyeupe aliyetoa sehemu kubwa ya mtaji wa mchezo. Alikuwa amepigana Burma ujanani. Siku ya mazoezi ya mwisho alikuja na kisanduku, akakifungua mbele ya watu wote, akatoa suka la nywele.

"Vitu halisi hivyo," alisema. "Si manyoya ya farasi."

"Za nani hizo, Kanali?" aliuliza meneja, Bwana Gadd.

"Za mwanamke mmoja wa huko. Hakuzihitaji tena."

Wanaume wakacheka. Mtu mmoja tu hakucheka. Nyuma ya jukwaa alikuwa amekaa Daw Nyein, mwanamke wa Kiburma wa makamo. Hilo "Daw" ni heshima ya kwao, kama kusema Bibi. Familia moja ya Kiingereza ilimleta melini awalelee watoto wao njiani, na walipofika bandarini wakamwambia kwaheri, bila tiketi ya kurudi. Bwana Gadd alimkuta akiosha sahani hotelini, akamwajiri akae mbele ya hekalu la mbao na upepeo, ili matangazo yaseme kwamba Burma ya Palladora ni Burma ya kweli. Daw Nyein alipoliona lile suka aliinamisha kichwa hadi kikagusa sakafu. Kisha akamfuata Keziah kwenye korido.

"Mama," alisema kwa kunong'ona. "Usimvishe mtu kitu kile."

Keziah aliona ni mambo ya kigeni tu, akalishona lile suka kuwa wigi. Lakini sasa, vidole vyake vikinuka moshi, alifunga mlango akaenda kumtafuta. Alimkuta chini ya ngazi akinywa chai.

"Limelowa," Keziah alisema. "Nilifunga mlango mwenyewe, na limelowa."

Daw Nyein aliweka kikombe chini. "Kwetu, mtu akiuawa kwa ukatili, asizikwe, asiombewe, haendi popote. Anageuka. Nyinyi mnasema mzuka, wengine wanasema jini. Huyu anakaa ndani ya nywele zake, maana ndicho kitu pekee cha mwili wake kilichobaki juu ya ardhi."

"Anataka nini?"

"Mdomo. Ataanza na usingizi wa huyo dada anayelivaa. Kisha atachukua sauti. Kisha pumzi. Mama, nenda kamwambie leo hii. Usingoje kesho."

Na Keziah alikwenda kweli. Hilo lazima lisemwe. Alipanda ngazi akiwa na maneno yote mdomoni, akaingia chumba cha kuvalia, akamkuta Ottilie Vane mbele ya kioo akijipaka poda.

"Umechelewa, Tuffnell."

"Samahani, Bibie. Kuna jambo nataka…"

"Mimi pia nina jambo." Ottilie hakugeuka. "Yule binti yako. Jana nilipokuwa nakohoa kidogo, Gadd aliniambia eti akae tayari kushika nafasi yangu. Yule! Ana sauti ya birika linalochemka. Nimemwambia Gadd mmoja wetu aondoke. Unadhani alimchagua nani?" Alichukua pini ya kofia akaichezea kati ya vidole. "Jumamosi ndiyo mwisho wake. Na usinililie hapa, utalowesha nguo. Si ana miguu mizuri? London ina kazi nyingi kwa wasichana wenye miguu mizuri."

Keziah alisimama. Yale maneno aliyokuja nayo yalikuwa bado mdomoni, moto, tayari kutoka. Akayameza. Alichukua taulo, akakausha zile nywele taratibu, akazifukiza marashi mpaka moshi ukafichika, akaziinua kwa mikono miwili.

"Kaa sawa, Bibie," alisema. "Nikuvishe."

Mchana ule Ottilie Vane aliimba kama ambavyo hakuwahi kuimba. Sauti yake, ambayo siku zote ilikuwa nyembamba kama uzi, ilitoka nene na ya chini, ikajaza ukumbi hadi viti vya juu kabisa. Katikati ya wimbo wa kuchekesha kuhusu mwavuli akabadili lugha. Watu walidhani ni maneno ya kubuni, ule upuuzi wa kigeni ambao michezo ya namna ile ilikuwa imejaa, wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakadai aurudie. Daw Nyein, aliyekaa mbele ya hekalu, aliangusha upepeo wake. Yeye peke yake alielewa. Sauti ilikuwa ikiuliza jambo moja, tena na tena, ikielekea kwenye roshani ya wakubwa alikokaa Kanali Stroud: *Wewe uliye juu, unanikumbuka?* Na Kanali alikuwa akipiga makofi.

"Hayo maneno uliyatoa wapi?" Bwana Gadd alimuuliza Ottilie pazia lilipofungwa. "Yaache hapo hapo! Yaweke kila siku!"

"Maneno gani?" alisema Ottilie.

Kwa furaha ya mafanikio yale alimsahau hata Lavinia, na Jumamosi ilipita bila msichana kufukuzwa. Keziah angeweza kusema wakati huo. Alijiambia atasema Jumatatu. Jumatatu akajiambia huenda ni bahati tu, na Jumatano akaacha kujiambia chochote, kwa sababu Ottilie alikuwa ameanza kukonda na Bwana Gadd alikuwa amemwambia Lavinia ajifunze nyimbo zote.

Ottilie hakulala tena. Alikuja kazini macho yakiwa yamezama, akisema kuna mtu anayekaa ukingoni mwa kitanda chake akimpumulia shingoni, na pumzi hiyo inanuka nyumba iliyoungua. Kila Keziah alipomvua wigi, nywele zake mwenyewe Ottilie, zile za dhahabu alizojivunia, zilitoka nalo, kwanza unywele mmoja mmoja, halafu mafungu.

"Tuffnell," alisema siku moja, kwa sauti ambayo haikuwa na kiburi tena hata chembe. "Wewe uko hapa siku nyingi. Nina nini mimi? Niambie kweli."

Keziah alikuwa akikunja nguo. "Uchovu tu, Bibie. Mpaka Krismasi utakuwa mzima."

Jumamosi ya wiki ya nne, katika onyesho la mchana, Ottilie alisogea mbele ya taa za jukwaa, akafungua mdomo kuimba, na haikutoka sauti. Ulitoka moshi. Ulitoka mwembamba, wa kijivu, ukapanda mbele ya macho ya watu elfu moja na mia tatu, na yeye akaushika kwa mikono kama anayetaka kuurudisha ndani, akazunguka, akazunguka tena, akaanguka magotini huku akijikwaruza koo, na watu wale walisimama, wakashangilia, wakarusha maua, kwa maana hawakuwahi kuona kiinimacho kizuri namna ile. Mfalme mnene, asiyejua la kufanya, alianguka chali. Kicheko kikazidi.

Alikufa Jumanne hospitalini. Bwana Gadd alifunga utepe mweusi mlangoni kwa onyesho moja, na jioni hiyohiyo akampa nafasi Lavinia Tuffnell.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia Keziah barabara, kama maji yanavyoingia kiatuni. Alikimbia kwa Gadd.

"Bwana, nitamtengenezea binti yangu wigi jingine. Kwa mikono yangu, bila malipo."

"Kanali atakasirika. Nywele hizo ndizo zinazotangazwa ukutani, Bi Tuffnell. Una nini leo?"

Keziah alilichukua wigi, akalipeleka chini kwenye tanuru la kupasha jengo moto, akalitupa katikati ya makaa akasimama akilitazama likiungua. Alipopanda tena ngazi, lilikuwa juu ya kichwa cha mbao, zima, likidondosha maji.

Basi akamwambia Lavinia mwenyewe. Alimwambia kuhusu maji, moshi na onyo la Daw Nyein. Hakumwambia alilisikia lini.

"Mama!" Lavinia alicheka, uso ukiwa mwekundu kwa furaha. "Umenilea nyuma ya mapazia, ukiniambia siku yangu itakuja. Imekuja, na wewe unaniletea hadithi za mizuka? Au unanionea wivu?"

"Vinnie, nakuomba. Niko chini ya miguu yako."

"Inuka basi, univishe. Mikono yako haivuti nywele kama ya wengine."

Na akavishwa. Mwingine angemvisha vibaya zaidi, Keziah alijiambia, na vidole vyake vilipozibana zile nywele penye paji la uso wa mwanawe alizihisi zikisogea, taratibu, zikitafuta mahali pa kukaa.

Lavinia alishangiliwa hata kuliko Ottilie. Wiki ikapita, na nyingine. Walikaa chumba kimoja Lambeth, mama na binti, na Jumapili moja wakati wa chai Keziah aligeuka kutoka mekoni na sufuria ya maji moto, akamkuta Lavinia amekaa wima mezani, uso kuelekea ukutani, akichana nywele. Alikuwa akizichana kutoka utosini hadi sakafuni, mkono ukishuka polepole hadi chini ya kiti na kupanda tena, ilhali nywele zake mwenyewe ziliishia mabegani na mkononi hamkuwa na kitana. Na hewa ya chumba kile chenye jua la saa kumi, chenye mkate mezani na paka dirishani, ilikuwa imejaa moshi wa nyasi, na paka alikuwa amesimama mgongo juu akimtazama mtu aliyekuwa kati ya kiti na ukuta, mahali ambapo Keziah hakuona mtu.

"Vinnie?"

Msichana akageuza kichwa. Kiligeuka zaidi ya vile shingo inavyoruhusu.

"Wewe una mikono mizuri," alisema kwa ile sauti nene. "Unanichana vizuri kila siku. Asante, Mama."

Keziah alikimbia bila kofia hadi Whitechapel, alikopanga Daw Nyein, akapiga magoti mlangoni. Daw Nyein alifungua mlango.

"Nilikwambia siku ile mwambie dada. Ulimwambia?"

Keziah aliinamisha uso.

"Naona," alisema Daw Nyein. "Ingia ndani. Sikiliza vizuri, maana siwezi kulifanya bila wewe. Huyu pepo haombi majuto. Majuto ni ya walio hai. Anaomba ukweli tu, usemwe kwa mdomo mbele yake. Aliyemuua aseme alichofanya. Na aliyemvisha aseme alichofanya."

Jumapili iliyofuata, kengele za makanisa zikilia, walikutana kwenye jukwaa tupu la Palladora. Bwana Gadd alikuwepo, kwa sababu sauti ya Lavinia ilikuwa imekatika Ijumaa na hakuwa na mbadala mwingine. Kanali Stroud aliletwa kwa uongo. Aliambiwa ni picha ya gazeti. Katikati ya jukwaa, mbele ya hekalu la mbao, Lavinia alikaa kitini. Wigi lilikuwa halivuliki tena. Walijaribu kulivua, na ngozi ya kichwa ikaanza kuinuka nalo.

Daw Nyein alipanga nazi, ndizi na bakuli la wali mbele yake, akawasha mishumaa, akaanza kuomba kwa lugha ya kwao, kwa upole, kama anayembembeleza mtu atoke chumbani. Mishumaa ikalala upande mmoja ingawa upepo haukuwepo.

"Nini hii?" alifoka Kanali. "Gadd, mpiga picha yuko wapi?"

Lavinia akainua uso. "Umezeeka," ile sauti ilisema. "Ulikuwa na sharubu nyeusi. Ulikuwa unakula ndizi waliponifunga kamba."

Kanali alirudi nyuma hatua moja. Rangi ilimtoka usoni.

"Sema ulichofanya," Daw Nyein alimwambia. "Msichana atakufa usiposema. Na akifa huyu, atatafuta kichwa kingine. Anajua njia ya kwako."

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomfanya aseme. Aliongea haraka, kama mtu anayesoma ripoti.

"Kijiji kilikuwa kinawalisha waasi. Huyu aliwabebea wali msituni. Nikaamuru anyongwe, nyumba zichomwe. Mvua ikanyesha. Nikakata nywele kwa ukumbusho. Basi. Vita ni vita."

"Jina lake?"

"Nitajuaje? Hakuna aliyeuliza."

"Ma Hnin Yi," ilisema sauti kinywani mwa Lavinia.

"Lirudie," Daw Nyein alimwambia Kanali.

"Ma… Hnin Yi," alisema Kanali, akifuta jasho. "Haya. Nimesema. Naweza kwenda?"

Hakukuwa na toba katika neno hata moja. Lakini yalikuwa ya kweli yote, na mishumaa ya upande wake ikasimama wima. Daw Nyein alitikisa kichwa kwa uchungu. "Nenda," alisema. "Hakudai tena." Na Kanali Stroud alichukua kofia yake akatoka mlangoni kuelekea klabu yake, ambako, kama ilivyosikika baadaye, alikula nyama choma yake ya mchana ikaisha yote, na aliishi miaka kumi na moja mingine bila hata mafua.

"Sasa wewe, Mama," alisema Daw Nyein.

Keziah aliwatazama, Gadd kwanza, kisha mwanawe. Macho ya Lavinia yalikuwa yamefumbuka, na ndani yake, nyuma ya yule mwingine, alimwona Vinnie wake, mwenyewe kabisa, akimsikiliza.

"Nilimvisha Bi Ottilie," alisema. "Ndiyo kazi yangu. Sikujua."

Kiti kikaanguka. Lavinia alikuwa ameinuka, lakini hakusimama kwa miguu yake, vidole vya miguu vilikuwa vikitafuta sakafu na sakafu ilikuwa inashuka mbali navyo, shibiri moja, kisha mbili, na zile nywele zilikuwa zimejisokota shingoni pake mara tatu na kukazwa juu kuelekea kwenye giza la mbao za darini ambako hapakuwa na kamba wala mkono, na shingo ikawa inarefuka, na uso ukawa mwekundu kisha wa zambarau, na miguu ikapiga hewa kama ya mtu anayekimbia, na Bwana Gadd alikuwa amejificha nyuma ya hekalu akilia kama mtoto, na Daw Nyein alikuwa ameishika miguu ile akiivuta chini kwa uzito wake wote na kupiga kelele, "Sema kweli! Mama, sema kweli, hana pumzi!"

"Nilijua!" Keziah alipiga ukelele uliojaza viti vyote vitupu. "Nilijua! Nilikwenda kumwambia, nikanyamaza! Aliniuliza ana nini, nikamdanganya usoni! Nilimvisha kila siku nikijua atakufa! Nilitaka afe! Nilitaka nafasi yake iwe ya Vinnie! Nilimuua, nilimuua mimi, kwa mikono hii!"

Lavinia alianguka juu ya mbao kama gunia. Wigi likabingirika hadi ukingoni mwa jukwaa. Lilikuwa kavu.

Daw Nyein aliliokota, akalifunga katika kitambaa cheupe. Alifumua nywele zile uzi mmoja mmoja kwa siku nne, akazizika karibu na mto Lea na wali na maua, akamwombea marehemu kwa jina lake. Moshi haukunusika tena Palladora. Sauti ya Lavinia ilirudi baada ya wiki mbili, na haikuwa nene wala ngeni. Ilikuwa yake.

Aliporudi jukwaani alivaa wigi la manyoya ya farasi. Aliomba mvishaji mwingine. Siku ileile alihamisha sanduku lake kutoka Lambeth wakati mama yake yuko sokoni, hakuacha barua. Keziah aliachishwa kazi mwezi uliofuata. Bwana Gadd alisema ni ombi la Bi Lavinia, naye hawezi kumkatalia Bi Lavinia kitu.

Keziah alisimama mlango wa nyuma wa ukumbi kila Jumatano. Alileta mkate wa zabibu, ukarudishwa. Alileta soksi za sufu, zikarudishwa. Siku moja walikutana uso kwa uso njiani, hatua mbili kati yao. "Vinnie," alisema. "Mwanangu." Lavinia alimtazama kama mtu anavyotazama nguzo ya taa, akazunguka, akaenda zake.

Ndipo Keziah alipopata tumaini. Alikwenda Whitechapel mbio, machozi na tabasamu pamoja.

"Bado yumo!" alimwambia Daw Nyein. "Hukumtoa wote. Yale macho si ya mwanangu, Daw. Vinnie wangu hawezi kunitazama vile. Njoo umtazame. Nakuomba, njoo umtoe."

Daw Nyein hakutaka, lakini alivaa shali akaja. Walingoja kwenye mvua hadi onyesho la mchana likaisha. Lavinia alipotoka, Daw Nyein alimwendea peke yake. Keziah, aliyebaki ng'ambo ya barabara, aliona msichana akiinama kwa heshima, akiushika mkono wa yule mwanamke na kuubusu, akiongea naye kwa upole. Aliona Daw Nyein akimtazama ndani ya macho, akimnusa nywele, akimgusa shingo mahali palipobaki alama. Waliongea kitambo. Kisha Lavinia akapanda gari la farasi akaondoka bila kugeuka.

Daw Nyein alivuka barabara taratibu.

"Yumo?" Keziah alimshika mikono yote miwili. "Niambie yumo. Utamtoa?"

"Hamna kitu ndani yake, Mama," alisema Daw Nyein. "Pepo alishatoka siku ileile. Yule ni mwanao."